Orodha Iliyosomwa Mrindi

Mrindi, milimani
Jumatatu, 3 Juni 2024

Kwa Dada wa Vitabu, Stendi ya Same.

Salaam. Hunijui, ila habari za duka lako zimefika mpaka huku juu. Mimi ni fundi mwashi, natokea Makanya, kwa sasa nina kazi ya kujenga hapa Mrindi. Nasikia mtu akitaka kusoma jambo lolote unamwonyesha pa kuanzia, na humcheki.

Mimi nataka kusoma habari za Shetani. Si kumwabudu. Nataka kujua wale wanaojiita watu wake wanaamini nini hasa, kwa maneno yao wenyewe, na hiyo wanayoiita njia ya mkono wa kushoto inamfikisha mtu wapi. Haya nimeyasikia maisha yangu yote kutoka kwa wanaoyapinga, na katika hao sijaona hata mmoja aliyewahi kufungua kitabu. Umri unakwenda na jambo hili linaninyima raha. Kiingereza nasoma polepole, lakini nafika.

Bahasha mpe kondakta wa basi la Mrindi, aiache dukani kwa Tausi pale basi linapogeuzia. Simu hapana. Nisamehe mwandiko.

Ni mimi,
Vitus


Same
Ijumaa, 7 Juni 2024

Ndugu Vitus,

Mwandiko wako umenitesa, herufi zinapanda na kushuka kama barabara ya huko kwetu. Ndiyo, kwetu, mimi ni mtoto wa Mrindi, baba yangu ndiye mwinjilisti wa hapo. Usiogope, sitamwambia. Wiki nzima nimetoa kopi za vitambulisho na kuuza madaftari, halafu inakuja barua ya mtu anayetaka kujua. Umenifurahisha sana.

Orodha iko kwenye karatasi ya pili, nimeichapa. Majina ya vitabu na waandishi yako nyuma yake kwa Kiingereza, mbele nimekueleza kila kimoja kwa Kiswahili. Viwili ninavyo dukani, vingine nitakutafutia. Usisome kwa pupa, na usimeze kila kitu. Wengi wa waandishi hawa wanapenda kutisha watu wazima kama watoto wanavyopenda kujificha nyuma ya mlango.

Irine Senzota

(Karatasi ya pili)

ORODHA YA VITABU VINAVYOPENDEKEZWA KWA ANAYETAKA KUUFAHAMU USHETANI NA NJIA YA MKONO WA KUSHOTO

1. Anza na hiki. Ni historia ya jina lenyewe. Utaona kwamba zamani Shetani alikuwa mshitaki tu, mfano wa mwendesha mashitaka barazani, na jinsi watu walivyomkuza karne baada ya karne, kila mmoja akimvika sura ya adui yake.

2. Hiki ni chao wenyewe. Kiliandikwa Marekani miaka sitini iliyopita hivi. Kina kelele nyingi na majivuno, lakini soma mpaka mwisho: hawaamini kwamba Shetani yupo. Kwao ni alama ya mtu asiyepiga magoti. Wanasema mwanadamu ajitawale na asione haya kuupenda mwili wake.

3. Njia ya mkono wa kushoto haikuanzia kwao. Ilianzia Uhindini, kwa watu waliovunja miiko makusudi, wakala kilichokatazwa, wakaamini kwamba nyuma ya mwiko kuna uhuru. Hiki kinaeleza vizuri ila ni kizito, kisome na chai.

4. Mashairi ya Wazungu waliomwonea huruma mwasi. Ukichoka na hoja, pumzika hapa.

5. Kitabu cha mtafiti aliyechunguza kesi za watu waliosingiziwa kwamba wanamtumikia Shetani. Waliofungwa, walionyang'anywa watoto, na ikaja kuonekana hapakuwa na kitu. Kama utasoma kimoja tu, soma hiki.

Wapo walioandika kwa jina hilo mambo ya chuki na kumwaga damu. Hao nimewaacha, na nakwambia wazi kwamba nimewaacha.


Mrindi
Jumatatu, 10 Juni 2024

Mwanangu Irine,

Nakuandikia kama kawaida yetu, maana simu ya mama yako inasikilizwa na jiko zima. Kaa chini kwanza.

Kila Ijumaa unatuletea matangazo ya kanisa uliyoyachapa, na kondakta huyampa Mzee Eliezeri ayasome ibadani. Safari hii zilikuwa bahasha mbili, zote na muhuri wa duka lako. Kondakta hakusoma jina. Ameshazoea kwamba bahasha ya Irine ni ya kanisa, akampa zote. Na unaujua utaratibu wa Mzee Eliezeri tangu aliposingiziwa kwamba anaongeza matangazo yake: bahasha hafungui mpaka awe amesimama mbele ya watu wote.

Jana alisoma ya kwanza, ndoa na msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, wa kusafisha mfereji. Akafungua ya pili. Akaweka miwani sawa, akasoma kichwa chote kwa sauti ile yake. Nadhani alifikiri ni semina ya vijana. Alisoma namba moja, akasoma namba mbili, na mama mmoja wa kwaya alikuwa ameshatoa kalamu. Alipofika kwenye kuvunja miiko ndipo akasimama, akanitazama mimi pale madhabahuni. Irine, sikuwahi kutazamwa vile.

Baraza la wazee limekaa jana hiyohiyo. Barua yako kwa huyo Vitus imesomwa pia. Fundi ametafutwa kwenye kila nyumba inayojengwa, hakupatikana. Kwa hiyo lililobaki mikononi mwao ni jina lako. Wanataka uje upige magoti mbele ya kusanyiko, ukiri kosa, upokelewe. Usipofanya hivyo, Jumapili ya tarehe 30 jina lako litasomwa kwamba umetengwa. Unajua maana yake. Hutamshika mtoto wa ndugu yako Kaleb kwenye ubatizo mwezi wa nane. Hutaalikwa kwenye meza ya mtu Mrindi, na mama yako atakula nawe kwa kujificha.

Andika tu barua ya toba, maneno mawili matatu, yaishe. Funika kombe mwanaharamu apite.

Baba yako,
Mwinjilisti Eliufoo Senzota


Same
Alhamisi, 13 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Nisamehe, nilipofika kwa yule mama na kalamu yake nilicheka mpaka mteja akatoka. Kisha nikasoma tena nikaacha kucheka.

Nitubu kwa lipi? Mtu ameuliza swali, nimemjibu. Angekuja kuniuliza vitabu vya ugonjwa wa kuku ningempa pia, na sifugi kuku. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kabla ya shule, kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Wewe ndiye uliyesema mtu anayeogopa karatasi ataogopa kila kitu. Leo unaniambia nifunike kombe?

Mimi nitavumilia, baba. Huku Same walimu wawili wameshaacha kununua kwangu, wanapita ng'ambo ya barabara. Anayenikosesha amani ni huyo Vitus. Mtu aliyeandika vile ana jambo linamla. Kama amekimbia kwa sababu ya karatasi yangu, nimemuumiza. Kama wewe unajua alipo, au ukimsikia, usiwape wazee. Nakuomba kama mwanao. Mwambie tu sina kinyongo.

Mbona hukunambia wewe mwenyewe unafikiri nini? Barua yako nzima ni wazee wanataka, baraza limesema. Baba yangu yuko wapi humo?

Msalimie mama. Nimemwekea dawa ya mgongo kwa kondakta, nimeandika jina kubwa sana safari hii.

Irine


OFISI YA MTAA WA MRINDI
17/06/2024

Kwa Bi. Irine E. Senzota, Same.

YAH: WITO WA KUFIKA MBELE YA KUSANYIKO

Bwana Yesu asifiwe.

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Unaarifiwa kwamba baraza limesubiri barua yako ya toba na halijaiona. Muda wa mwisho ni Jumamosi tarehe 29. Baada ya hapo tangazo litasomwa na mwinjilisti wa mtaa huu wa kanisa kwa mujibu wa nafasi yake, bila kujali udugu.

Aidha, orodha husika imehifadhiwa kwa mwinjilisti kwa ajili ya uchunguzi. Niliyeisoma sikuwa na habari ya kilichomo, na ningependa hilo lieleweke popote litakapozungumzwa.

Wako katika huduma,
Eliezeri Mgonja
Mzee wa Kanisa na Msomaji wa Matangazo


Same
Alhamisi, 20 Juni 2024

Ndugu Vitus,

Sijui kama barua hii itakukuta. Tausi ameteremka kununua bidhaa na nimempa mkononi, si kwa kondakta tena. Amenambia hakujua kuna fundi anaitwa Vitus, akaangalia pembeni, lakini barua ameichukua.

Nimeitwa nitubu. Sitatubu. Wewe wanakutafuta, na hata ningekuwa nakujua nisingekutaja. Ulikuja kwangu na swali kwa heshima, nami nikakuangusha kwa bahasha. Usijitokeze kwa ajili yangu. Wewe huna ndugu huko, watakufanyia vibaya. Mimi nina baba. Najua atakapofika mahali pa kusoma jina langu atashindwa. Mtu huyu alinibeba mgongoni kutoka Mrindi mpaka barabarani nilipougua homa ya uti wa mgongo, akaanguka mara mbili na hakunidondosha. Hawezi.

Kwa hiyo usiogope. Usome ukipata nafasi.

Irine


Mrindi
Jumatatu, 24 Juni 2024

Irine mwanangu,

Tausi alileta barua yako nyumbani. Aliiweka mezani mbele yangu, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaondoka. Yeye alijua tangu mwanzo, maana nilimwambia bahasha ya Vitus ikifika anipe mimi.

Hakuna fundi. Niliandika mimi, kwa mkono wa kushoto ili usiujue mwandiko wangu.

Nimeandika na kuchana barua hii tangu Ijumaa. Sasa nasema tu kama yanavyokuja.

Umeambiwa siku zote kwamba babu yako alipofariki mwaka 1996 nilikuwa safarini Korogwe. Sikuwa safarini. Nilikuwa hapa nyumbani, nimefunga dirisha, nasikia majembe yakichimba. Babu yako alikuwa mtunza mshitu, ule msitu wa wazee uliobaki pale juu ya mfereji. Alikuwa anaingia kila mwaka na pombe na kondoo, anawaombea watu mvua, hata sisi wa kanisani tulinywa mvua hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, moto unawaka. Nilimwambia usoni kwamba anamtumikia Shetani. Alinijibu, "Huyo simjui. Ningemjua ningekwambia." Alipokufa nilikataa kumzika. Sikutupa hata konzi moja ya udongo. Watu walinisifu kwa msimamo wangu, na baada ya mwaka mmoja nikapewa mtaa huu.

Miaka ishirini na minane nimehubiri habari za Shetani, na kila nikimtaja namwona mzee wangu amevaa koti lake la kijani. Nikasema, hebu nisome wanaojiita wenyewe watu wake. Nikimkuta baba yangu miongoni mwao, nitajua nilikuwa sahihi, nami nitapumzika. Kwa nani ningeuliza? Kwa askofu? Mtu pekee ninayemjua anayesoma bila kuogopa ni wewe, na kwako niliona haya.

Orodha yako ninayo. Ya uchunguzi, wanasema. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Nimemtafuta baba yangu toka namba moja mpaka namba tano. Hao wa namba mbili wanasema hakuna wa kumpigia magoti. Baba yangu alipiga magoti kila mwaka akiombea mahindi ya majirani. Hayumo, Irine. Mahali pekee nilipomwona ni namba tano, kwa wale waliosingiziwa, na mimi nipo hapo pamoja naye, upande wa pili.

Jumapili ile Mzee Eliezeri aliponitazama, nilipaswa kusema palepale. Nikatangaza wimbo. Kisha nikakuandikia utubu. Nilitaka uchukue wewe, kwa sababu wewe una nguvu na mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu, nyumba hii ni ya kanisa, na mgongo wa mama yako unaujua. Hayo ni mawazo niliyoyawaza. Sitaki kuyapamba.

Jumapili nitapewa karatasi nisome jina lako. Umemwambia Vitus kwamba baba yako hawezi. Nami sijui kama hawezi. Niliweza mara moja.

Eliufoo


Same
Alhamisi, 27 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea.

Nimesoma barua yako dukani, nikafunga duka mchana kweupe, nikakaa ndani na joto lote la Same. Nilimwonea huruma mtu ambaye hayupo. Nilimwombea, baba, mimi ambaye siku hizi siombi sana. Na wewe ulikuwa unasoma maombi yangu ukiwa umekaa mezani kwa mama.

Ungeniuliza. Ningepanda na vitabu mgongoni na tungesoma wote, wewe ungebishana na kila ukurasa na mimi ningefurahi. Kumbe ulinificha babu, ukanificha wewe, na mwisho ukanitaka nipige magoti ili usionekane.

Naelewa habari ya nyumba. Naelewa habari ya mgongo wa mama. Ninachoshindwa kuelewa ni lile neno "maneno mawili matatu, yaishe". Yasingeisha. Ningebaki nayo maisha yangu yote kama wewe ulivyobaki na koti la kijani.

Siji Jumapili. Sitawaandikia wazee, sitakutaja. Karatasi utashika wewe. Soma jina unaloona linastahili.

Irine


OFISI YA MTAA WA MRINDI
01/07/2024

Kwa Bi. Irine E. Senzota, Same.

YAH: TAARIFA YA IBADA YA TAREHE 30 JUNI

Bwana Yesu asifiwe.

Rejea barua yetu ya tarehe 17. Unaarifiwa kwamba jina lako halikusomwa.

Wakati wa matangazo ulipofika nilimkabidhi mwinjilisti karatasi ya baraza. Aliikunja, akaiweka ndani ya Biblia, akatoa ya kwake mfukoni. Nanukuu kama nilivyoandika kwenye kumbukumbu: "Anayetengwa leo ni Eliufoo Senzota, mwinjilisti wa mtaa huu. Aliagiza orodha ile kwa jina la uongo. Akamwacha mwanawe abebe lawama wiki tatu. Na mwaka 1996 alimwita baba yake mzazi mtumishi wa Shetani bila kujua anachosema, akakataa kumzika."

Nilimsogelea nikamnong'oneza, "Mwinjilisti, umekosea karatasi." Akajibu kwa sauti ya kusikika, "Sijakosea, Mzee Eliezeri. Ndiyo hii."

Kisha alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti chake. Akateremka akapita katikati ya watu mpaka benchi la mlangoni, wanapokaa waliotengwa, akakaa. Ilibidi nimalizie ibada mimi. Somo la Injili nililisoma mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Mama yako alibaki mahali pake kwenye kwaya, akaimba mpaka ubeti wa mwisho, na sauti yake niliisikia juu ya zote.

Kwa utaratibu, aliyetengwa hasalimiwi mlangoni, na hakusalimiwa. Mchana ameonekana na jembe akisafisha kaburi la marehemu baba yake kando ya mshitu. Baraza halijaamua kama hilo nalo ni kosa. Suala la nyumba litaamuliwa na usharika ulio juu yetu. Adhabu ni miezi sita.

Barua ni rasmi mpaka hapa. Kuanzia hapa ni mimi.

Binti yangu, nilisoma na baba yako darasa moja. Mwaka 1996 mimi nilikuwa mmoja wa waliomsifu. Benchi lile linakalisha watu sita na jana alikaa peke yake katikati, kofia ameishika magotini. Kila nilipoinua macho kwenye kitabu nilimwona. Nilitamani kwenda kukaa naye, lakini mimi ni mzee wa kanisa, siruhusiwi. Nimeshindwa kula tangu jana na mke wangu ananiuliza nini, simwambii.

Eliezeri Mgonja


Same
Jumatano, 3 Julai 2024

Mzee Eliezeri, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Pole kwa kusoma Injili mara mbili, haikuharibika kitu. Na kula, tafadhali.

Jumamosi napanda na basi la kwanza. Najua mtu asiyetengwa haruhusiwi kukaa benchi lile. Basi ile karatasi ya jina langu aliyoiweka ndani ya Biblia itafute, na Jumapili uisome wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa nimeshakaa.

Mwambie baba bado nina hasira naye, na nitakuja nazo. Lakini asikae katikati. Asogee upande wa ukuta, anipishe.

Irine